Chupa Arobaini za Kaaha

Ile fimbo ya chuma ilikuwa ya kusafishia bunduki. Kila mwanamke aliyepanga foleni kwenye kizuizi cha barabarani, nje kidogo ya mji wa Garissa, aliijua, maana ilinuka mafuta hata kabla hujafika karibu. Askari aliichomeka ndani ya chombo cha kwanza, akakoroga, akaitoa ikichuruzika maziwa, akaichomeka ndani ya cha pili. Hakuifuta. Aifute ya nini? Yeye alikuwa anatafuta risasi, si utamu.

"Bole bole, baba," Kaaha alimwambia. "Hiyo maziwa ya watoto ya shule."

"Mama, mimi nimeamriwa," akasema askari, kijana wa Ukambani aliyeitwa Musembi. "Juzi mwenzenu mmoja alikutwa na risasi tisa ndani ya samli. Mnataka nifanyeje? Ninuse?"

Musembi hakuwa mtu mbaya. Hata Kaaha, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, hakuwahi kumtukana. Lakini mwaka ule wa 1967 vita vya wale waliotaka kaskazini ijitenge vilikuwa vimeingia mwaka wa nne, na serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji katika vijiji vyenye ua wa miiba na lango moja. Kaaha aliishi katika kimoja cha vijiji hivyo, maili nne kutoka mjini. Alikamua ngamia alfajiri, akatembea, kisha akakaa juani na wenzake sita mpaka afisa mwenye ruhusa afike. Wakibahatika, saa nne walikuwa wamepita. Na juu ya hayo yote, fimbo ile.

Siku hiyo alipofika jikoni kwa shule ya bweni, alikouza maziwa tangu mwaka uliopita, Mwalimu Kanana alikuwa anamngoja mlangoni. Mwalimu Kanana alikuwa Mmeru, mwembamba, mwenye miwani, na ndiye aliyesimamia chakula cha wanafunzi. Alimwonyesha Kaaha sufuria ya maziwa ya jana. Juu yake mafuta meusi yalikuwa yameelea kwa vijiduara.

"Mama Diriye, tazama mwenyewe. Ungekuwa mimi, ungempa mtoto wako?"

Kaaha akatazama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kana kwamba ni yeye aliyekoroga.

"Ni askari, mwalimu. Si mimi."

"Najua si wewe. Lakini tumbo la mtoto halijui." Mwalimu Kanana akavua miwani akaipangusa. "Nakupa wiki moja. Ikifika Jumatatu maziwa bado yanakuja hivi, nitaagiza ya unga kutoka Nairobi. Nimeshaandika barua, bado kuituma tu."

Wiki moja! Kaaha alirudi kijijini na vyombo vitupu na kichwa kizito. Ile shule ndiyo iliyowalisha. Wanaume hawakuruhusiwa kupeleka mifugo mnadani, biashara ya ngozi ilikuwa imekufa, na majirani zake sita walimtegemea yeye kuuza maziwa yao pamoja na yake. Barua ile ikitumwa, nyumba saba zingelala njaa.

*

Diriye, mwanawe, alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu. Alikuwa mwaka wa tatu Chuo Kikuu, Nairobi, anasomea uhandisi, kijana wa pekee kijijini aliyewahi kufika huko. Watu walipopita mbele ya kibanda chao walimsalimia kwa sauti ya chini, kama watu wanaopita mbele ya mgonjwa. Kaaha mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Mtoto alipofungua kitabu, yeye alipunguza hata kukohoa.

Alipowaeleza habari ya shule, kwa Kisomali chao cha nyumbani, shemeji yake Hirsi alitikisa kichwa.

"Basi imekwisha. Serikali haishindwi na wanawake."

"Adeer, ngoja," Diriye akamwambia ami yake. Akafunga kitabu. "Askari anatafuta risasi. Kwa nini akoroge? Kwa sababu chombo chetu ni cha kufumwa, kinene, haoni ndani na hasikii. Je, maziwa yakiwa ndani ya chupa ya kioo?"

"Maziwa ni meupe. Ataona nini?" Hirsi akauliza.

"Hatatazama. Atapindua. Risasi ndani ya kioo lazima ilie."

Hirsi aligeuza mkono hewani kana kwamba ameshika chupa. Kisha akaushusha.

"Na nani atabeba hizo chupa? Wewe? Msomi wa Chuo Kikuu abebe maziwa kama mwanamke? Tumekupeleka Nairobi uje ukalie kiti cha ofisi, kijana. Watu wa bara wanakuja hapa kutuamuru. Tulitaka na sisi tuwe na mtu wa kuamuru."

"Darasani kwetu wote tunangoja kiti hicho hicho, adeer," akasema Diriye, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Tunahesabu miezi. Hakuna hata mmoja anayeuliza, nikishakaa, nitafanya nini."

Kaaha alijifanya anachochea moto. Moyoni alifurahi mpaka akaogopa.

Kesho yake Diriye alikwenda mjini na zile pesa za likizo alizokuwa ameziweka anunue koti la kuendea mahojiano ya kazi. Akarudi na magunia mawili ya chupa tupu, arobaini na sita, alizouziwa na mpishi wa klabu ya maofisa. Kaaha akashika kiuno.

"Klabu? Wallahi, chupa ya pombe haiingii nyumba hii."

"Ni za sharubati ya machungwa, hooyo," akamjibu mama yake. "Nimenusa moja moja."

Kaaha naye akanusa moja moja, zote arobaini na sita, ndipo magunia yakaingia.

Jioni kabla jua halijazama alitoa makaa motoni, akachukua vijiti vya mgunga, tayari kufukiza. Ndivyo alivyofanya kila siku ya maisha yake: chombo hakitiwi maziwa mpaka kimeshiba moshi. Diriye alimzuia mkono.

"Hapana, hooyo. Hizi tutaziosha kwa sabuni na kuzichemsha. Watu wa bara hawapendi harufu ya moshi, wamelalamika miaka yote. Na moshi ni masizi tu. Ni uchafu."

Kaaha alikuwa na neno mdomoni. Neno lenyewe lilikuwa jepesi: bila moshi maziwa hayafiki saa tano. Alilijua kama anavyojua njia ya kisimani. Lakini alimtazama mwanawe, mikono imejaa povu, macho yanang'aa, na akajiambia, mtoto amesoma, mimi ni nani? Huko Nairobi huenda wana sabuni ya namna nyingine. Akarudisha makaa motoni.

*

Asubuhi iliyofuata, Alhamisi, Diriye mwenyewe alitangulia mpaka kizuizini na gunia begani. Musembi alipoona chupa alikunja uso.

"Hizi nini tena?"

"Afande, naomba unipe risasi moja," Diriye akasema.

Wanawake wakashika vinywa. Kuomba risasi kizuizini, siku hizo! Lakini Diriye alieleza haraka, kwa Kiswahili safi cha shule, na Musembi, baada ya kumkazia macho kwa muda, akatoa risasi mfukoni. Akaitumbukiza mwenyewe ndani ya chupa ya maziwa, akafunga kifuniko, akaipindua. Kling! Akapindua ya pili, isiyo na kitu. Kimya. Akarudia ile ya kwanza, na hakuweza kuzuia kicheko.

"Hii nimeipenda. Inalia kama kengele ya mbuzi." Akaimwaga chupa ile, akairudisha risasi mfukoni, akaiweka fimbo yake kando. "Haya, pangeni mstari, mama zangu. Leo tunacheza muziki."

Alipindua chupa zote, akisikiliza kila moja kama daktari. Hakuna hata tone lililoguswa na fimbo. Wanawake walipiga vigelegele vya chinichini na Kaaha alilia kidogo, akasingizia vumbi. Ila afisa alichelewa. Walisubiri ruhusa yake juani, chupa zimepangwa chini zikimetameta, na saa nne ikapita, na saa tano ikaja.

Jikoni kwa shule, mpishi alimimina chupa ishirini kwa mpigo ndani ya sufuria kubwa ya chai. Sukari ilikuwa imeshatiwa. Majani pia. Maziwa yakagusa chai, na pale pale yakakatika. Mabonge meupe yakaelea juu ya maji ya kahawia.

Nje wanafunzi mia na ishirini walikuwa wamepanga mstari na vikombe vyao vya bati, wakivigonga magotini.

"Chai ya mapumziko hakuna leo," Mwalimu Kanana alimwambia mpishi. "Wape maji." Kisha akamgeukia Diriye. Diriye alikuwa anatazama sufuria kama anayetazama ajali.

"Ni wewe uliyebuni hizi chupa?"

"Ni mimi, mwalimu. Naomba radhi. Sukari nitalipa."

"Sukari niachie mimi. Sikiliza. Nimekaa hapa miaka miwili. Wasomi wamekuja hapa na suti kuomba kazi, mpaka nimechoka kuwahesabu. Wewe ni wa kwanza kuja na kitu ulichokitengeneza. Hakijafaa. Jumatatu bado haijafika." Akavaa miwani yake. "Usinifanye nijute kusema hivyo."

Maneno mazuri, lakini Diriye hakuyasikia. Walipokuwa wanapita sokoni na magunia ya chupa zinazonuka maziwa chachu, makarani wawili waliokaa barazani walimtambua. "Profesa!" mmoja akaita. "Profesa wa maziwa! Tupimie chupa!" Soko lote likageuka. Diriye aliinamisha kichwa akaongeza mwendo, na Kaaha nyuma yake alitamani ardhi ipasuke immeze yeye, si mtoto.

*

Mchana ule Kaaha alimkuta mwanawe anapanga vitabu ndani ya sanduku.

"Narudi Nairobi Jumamosi, na msafara wa malori. Kuna nafasi ya karani wakati wa likizo, nitaichukua. Adeer alisema kweli. Hii si kazi yangu."

Hirsi, aliyekuwa ameegemea nguzo ya kibanda, aliitikia kwa kichwa. Nje, majirani wawili walikuwa wanamwaga maziwa yaliyoharibika, na ingawa walijitahidi kumwaga mbali, sauti ilisikika.

Kaaha alikaa juu ya mkeka.

"Diriye. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba yatakatika. Chombo kisichofukizwa hakivumilii jua. Nilijua tangu jana ulipochukua sabuni."

Mtoto aliacha kitabu kikaanguka. "Ulijua? Ulijua, ukaniacha niaibike mbele ya shule nzima? Mbele ya soko? Hooyo!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe." Akajikaza. "Hicho ulicho nacho kichwani. Nilisema, labda wao wanajua zaidi. Labda yangu ni ya zamani. Nimewalisha watoto watano kwa maziwa ya moshi, nikayaonea aibu kwa sababu mwanangu alisema ni uchafu. Kosa lako lilikuwa kutouliza. Langu ni kubwa zaidi, maana mimi nilikuwa na jibu."

Diriye alikaa naye mkekani. Hasira ilimtoka polepole, ikabaki ile aibu peke yake.

"Hata hivyo," akasema mwishoni, "siwezi kurudi pale jikoni."

Hapo Kaaha akapandwa na mori. "Huwezi? Umemwaga maziwa mara moja tu, tayari unakimbilia meza ya karani? Mimi nimemwaga mara ngapi! Ngamia amepiga teke chombo, nimekamua tena. Askari amekoroga, nimekwenda tena. Kama kusoma ni kupata mara ya kwanza, basi umekwenda Nairobi kufanya nini? Simama. Lete chupa."

Hata Hirsi aliachia nguzo.

Wakaanza. Kaaha alitia kijiti chenye moto ndani ya chupa kama anavyotia katika chombo chake cha kufumwa. Chupa ikalia tak! ikapasuka mikononi mwake. Ya pili ikapasuka. Ya tatu pia. Moshi aliujua, kioo hakukijua. Akamtazama mwanawe, na safari hii alikuwa anamngoja aseme.

Diriye alikuna kichwa. "Ni joto, hooyo. Kioo hakipendi joto la ghafla. Tunataka moshi, hatutaki moto." Akazunguka kibanda, akapata chungu kilichotoboka kitako. Akakifunika kifudifudi juu ya makaa ya mgunga, na ule moshi mweupe ukapanda kupitia tundu. Akashika chupa kwa kitambaa, mdomo chini, juu ya tundu lile. Chupa ikajaa moshi taratibu mpaka ikawa nyeupe. Haikupasuka.

"Kwa muda gani, hooyo?"

"Mpaka harufu iache kuwasha pua, iwe tamu. Nusa. Bado. Nusa tena. Haya, sasa."

Ijumaa hawakwenda mjini. Ilikuwa wazo la Diriye: chupa mbili juani tangu alfajiri, moja ya sabuni, moja ya moshi, na yeye amekaa kati yazo na saa ya mkononi kama mlinzi. Saa nne na nusu, ile ya sabuni ilianza kuchacha. Ya moshi ilifika adhuhuri ikiwa tamu. Diriye aliandika yote daftarini, kisha akakaa anatazama kile alichoandika. Malori ya Jumamosi yaliondoka bila yeye.

*

Jumatatu Musembi alipindua chupa arobaini bila haraka, na afisa akachelewa kama kawaida yake. Saa tano na robo walikuwa jikoni kwa shule. Mpishi safari hii alijaribu kwanza katika sufuria ndogo, akamimina huku amesimama mbali kana kwamba itamrukia. Chai ikageuka rangi. Ikachemka. Ikapanda. Haikukatika.

Mwalimu Kanana alipewa kikombe. Akanywa, akanywa tena. Barua yake ilikuwa mezani, imeshatiwa ndani ya bahasha.

"Hakuna mafuta ya bunduki," akasema. "Hakuna mabonge. Ni maziwa mazuri." Kaaha akashusha pumzi. "Lakini huu moshi. Mimi nimeshauzoea, ila walimu wenzangu na watoto wa kutoka bara hawaupendi. Fanyeni hivi: kuanzia kesho leteni bila moshi, nami naandika hati ya kununua chupa arobaini kila siku mpaka muhula uishe."

Kaaha alimtazama Diriye. Aliiona ile *ndiyo* inapanda kooni mwake. Mwalimu ni mwalimu, hati iko mezani, nyumba saba zinangoja. Nani angemlaumu? Hata yeye, ulimi wake ulikuwa umeanza kukunjika kwa adabu ile ile ya Jumatano, ile ya mbele ya watu waliosoma.

"Hapana," akasema Kaaha.

Mwiko wa mpishi ukasimama.

"Hooyo!" Diriye akanong'ona.

"Mwalimu, samahani," Kaaha akaendelea, kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, na sauti ilitetemeka lakini haikurudi nyuma. "Moshi ikitoka, maziwa inakufa. Saa tano inakufa. Mimi nakudanganya nikisema nitaleta bila moshi. Jumatano nilinyamaza, Alhamisi watoto walikunywa maji. Leo sinyamazi. Kama wewe nataka bila moshi, tuma barua, nunua ya unga."

Mwalimu Kanana akaweka kikombe mezani. Kaaha aliwaza majirani zake sita, akawaza atawaambia nini.

"Kwa nini yafe?" Mwalimu Kanana akauliza. Hakuuliza kwa ukali. "Moshi unafanya nini?"

Kiswahili kikamwishia Kaaha hapo. Akamgeukia mwanawe, akaanza kumweleza kwa Kisomali, na Diriye akawa anatafsiri, sentensi kwa sentensi. Kwamba si mti wowote, ni mgunga, na uwe mkavu wa msimu mmoja. Kwamba kuna mti mwingine unaofanana nao, moshi wake hutia maziwa uchungu. Kwamba chombo kilichofukizwa jana hakifai leo. Kwamba wakati wa mvua hufukizwa mara mbili. Katikati ya hilo la mwisho Diriye aliacha kutafsiri.

"Hili la mvua hukuniambia."

"Hukufika huko. Uliuliza muda tu."

Diriye akatoa daftari mfukoni, akaandika, akiwa amesimama pale pale jikoni mbele ya mpishi. Mwalimu Kanana aliwatazama wote wawili. Kisha akavuta ile bahasha, akaikunja mara mbili, akaiingiza chini ya mguu wa meza isiyumbe.

"Watazoea," akasema. "Mimi nilizoea kwa wiki mbili." Akachukua karatasi nyingine na kalamu. "Chupa arobaini kila siku. Niandike jina la nani?"

"La mama," Diriye akajibu kabla hajaulizwa mara ya pili.

Kaaha akataja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, polepole, mpaka likaandikwa lote.

"Na huyu kijana nimwandike nani katika biashara hii? Meneja?"

Kaaha alimtazama mwanawe, masizi shingoni, daftari mkononi, kalamu bado inakimbia.

"Huyo mwanafunzi," akasema. "Mwaka ya kwanza."